Tusikate kila mti mkavu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi yetu wakulima wa pande za Gede na Malindi ya kuangusha kila mti uliokauka, hata ule usioelemea nyumba wala njia ya mtu.

Hivi karibuni jirani yangu alinishauri nikate mnazi wangu uliokatika kilele, kwa kuwa alimwona kigogota akiutoboa na akaamini ndiye aliyeuua. Tulikwenda pamoja tukasimama chini yake. Ndege alikuwa ameng'ang'ania shina, vidole viwili mbele na viwili nyuma, mkia wake mgumu umekita kwenye gome kama mguu wa tatu, na vibanzi vilitudondokea mabegani. Mnazi ule ulimalizwa na chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi, tena kitambo kabla kigogota hajafika. Yeye alikuta mti laini, akaanza kuchimba kiota.

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na katika mashamba yaliyo kandokando yake, wapo vigogota wa aina kadhaa. Ninayempenda zaidi ni yule aitwaye kigogota wa Mombasa, mwenye mgongo wa kijani na kifua chenye michirizi, ambaye makao yake duniani kote ni ukanda huu wetu wa mwambao, kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Chakula chake kikubwa ni sisimizi. Yuko pia mwenzake mwenye mgongo wa kijani na madoa kifuani, na mwingine mdogo zaidi, ambaye mara nyingi husikika akigonga vijiti vyembamba kabla hajaonekana.

Wakishahama, mashimo yao hurithiwa na ndege wasioweza kutoboa mti, kama vile kwezi. Kwa hiyo anayeangusha gogo moja kavu huenda amebomoa nyumba ya zaidi ya familia moja.

Najua kuni zinahitajika, na sipuuzi shida hiyo. Ninachowaomba wakulima wenzangu, pamoja na maafisa wa kilimo wanaotutembelea mashambani, ni kwamba tuokote matawi yaliyoanguka na tuache walau shina moja au mawili makavu yakiwa yamesimama mbali na nyumba, hasa majira ndege wanapotaga.

Mkulima,
Gede, Malindi