Karanga za mgonjwa wa figo

Mhariri,

Mume wangu ana ugonjwa sugu wa figo, na hapa Kirumba kila jirani ni daktari: karanga marufuku! Mtaalamu wa lishe hakumkataza. Alitazama kwanza majibu ya damu, potasiamu na fosforasi, madini ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa mwilini, akamruhusu kiganja kimoja, kama gramu 30, zisizo na chumvi. Fosforasi ya karanga mwili hauifyonzi yote. Ile inayoongezwa kwenye soda nyeusi na nyama za kopo ndiyo huingia karibu yote. Ajabu, soda hiyo hakuna jirani anayeikataza.

Shida ni chumvi. Karanga za stendi zimekaangwa hadi maganda yamefanya weupe. Nanunua mbichi, natupa zenye ukungu, nakaanga mwenyewe. Siku ya mchicha wa karanga, kiganja hakipo, hata akinuna.

Mama wa Kirumba, Mwanza