Mpira na maabara visigombanie saa ileile

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Shule anayosoma kijana wangu ni ya wavulana watupu, na klabu ya sayansi wameipanga saa ileile ya mazoezi ya mpira, kwa hiyo mtoto anachagua moja anaacha lingine, wengi wanakimbilia uwanjani na maabara inabaki na watoto watano tu. Mi sikubaliani na hili kabisa. Likizo iliyopita nilimkuta amejilaza chini na simu anamrekodi mdogo wake akirusha tufe, ananiambia baba angalia, likitoka mkononi kwa pembe ya nyuzi 45 haliendi mbali kama likitoka kwa pembe ndogo kidogo kuliko hiyo, maana mkono tayari uko juu ya ardhi. Kisha akashika shingo, akahesabu mapigo ya moyo sekunde 15 akazidisha mara 4. Hiyo si fizikia na baiolojia jamani? Walimu wa michezo na wa sayansi wakae pamoja, hata siku moja kwa wiki, wabebe saa na futikamba wakapimie hukohuko uwanjani. Na funguo za maabara zisishikwe na mtu mmoja, siku hayupo watoto wanarudi bwenini tu.

Mzazi