Meno ya sproketi na milima ya Bukavu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wanamotari wa mji wetu hulihisi kila siku lakini mara chache hulihesabu, nalo ni ukubwa wa sproketi za pikipiki, yaani yale magurudumu mawili yenye meno yanayoshika mnyororo, hasa ile ndogo ya mbele ambayo mafundi wetu huiita pinyo.

Mwaka jana nilimnunulia mdogo wangu pikipiki iliyokwisha kutumika ili ajitafutie riziki. Penye tambarare ilikimbia vizuri, ila kila alipobeba abiria na mfuko wa unga kupanda mtaa wetu wa Kadutu, ilimbidi arudi gia ya kwanza na kuishika klachi nusunusu huku injini ikikoroma. Fundi akasema ringi za pistoni zimekwisha, tukabadili ringi. Baadaye akasema ni kabureta, tukanunua kabureta. Mwezi wa tatu klachi ikaungua. Hapo ndipo mimi, mwalimu wa hesabu niliyepaswa kuinama tangu siku ya kwanza, nilipofungua kifuniko na kuhesabu meno: 16 mbele na 42 nyuma, hali kitabu cha pikipiki hiyo kinataja 14 mbele. Aliyeimiliki kabla yetu alitaka mbio, na muuza vipuri akamuuzia mbio.

Hesabu yake haimshindi mtoto wa shule ya msingi. Gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele upate uwiano: 42 kwa 14 ni 3, maana yake pinyo huzunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukifunga pinyo ya meno 16 unapata 2.625, na nguvu inayofika kwenye gurudumu katika kila gia inapungua kwa moja ya nane. Kumbuka pia kwamba maji ya Ziwa Kivu yako kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari, na vilima vyetu vinaanzia hapo kwenda juu. Hewa ni nyepesi, na injini ndogo ya kabureta hupoteza zaidi ya moja ya kumi ya nguvu zake kabla hata haijabeba mtu. Ukijumlisha hasara hizo mbili, zaidi ya moja ya tano ya nguvu uliyoilipia haipo tena unapoanza kupanda.

Tulirudisha 14, na baada ya majuma machache tukajaribu 13, inayoleta uwiano wa 3.23. Kwa kazi ya mdogo wangu, ambayo ni Kadutu, Ibanda na Bagira kutwa nzima, hiyo ndiyo iliyotufaa. Anapanda kwa gia ya pili pale alipokuwa akihangaika na ya kwanza, na wakati wa kushuka injini yenyewe inaizuia pikipiki zaidi, hivyo breki hazichoki upesi. Jambo hili la kushuka sijamsikia fundi yeyote akilitaja, ingawa kwa mvua zetu na matope yetu mimi naliona kubwa kuliko lile la kupanda.

Sisemi kwamba pinyo ndogo haina gharama. Penye mizunguko ileile ya injini iliyompa mwendo wa kilomita 60 kwa saa akiwa na meno 14, sasa anapata kama 56, kwa hiyo akitaka kukimbia kama zamani kwenye barabara ndefu ya Kavumu, injini itapiga kelele zaidi na kunywa mafuta zaidi. Mnyororo nao hujikunja sana unapozunguka duara dogo, ukachakaa mapema. Anayeogopa hilo anaweza kuacha 14 mbele na kufunga 45 nyuma, kwa kuwa uwiano unakuwa karibu uleule, lakini huenda akahitaji mnyororo mrefu zaidi. Na mwenye kufanya kazi kwenye uwanda wa Ruzizi, kule chini kuelekea Uvira, asiniige hata kidogo. Huko meno ya kiwandani yanatosha.

Linalonisikitisha ni namna vipuri hivi vinavyouzwa. Mteja huulizwa kama anataka kubwa au ndogo, utadhani ananunua viazi, na pinyo mpya hufungwa juu ya mnyororo uliokwisha kuvutika, ambao huyala meno yake katika muda mfupi. Naomba mafundi na wauza vipuri wa mji huu waandike kwenye karatasi ya malipo idadi ya meno waliyoondoa na idadi waliyofunga, mbele na nyuma, na wamwambie mteja wazi kama mnyororo wake umekwisha. Wenye pikipiki nao, kabla ya kumlaumu kijana kwamba anaharibu klachi na kumkata pesa ya siku, wafungue kile kifuniko cha pembeni na kuhesabu. Kazi hiyo haichukui hata dakika kumi, na mimi ilinigharimu ringi, kabureta na klachi kwa kutoifanya.

Mwalimu wa hesabu,
Kadutu, Bukavu