Ziwa limepanda, alama zake ziko wapi?

Mhariri,

Watu wakikumbuka miaka ya 2010 hadi 2020 hapa Nakuru, hawakosi kutaja mambo mawili: katiba mpya iliyotuletea kaunti, na simu. Sikatai. Lakini sisi wa Mwariki, mtaa ulio kando ya Ziwa Nakuru, tuna la tatu, na kwetu ndilo kubwa. Ziwa lilipanda.

Mwaka 2010 Ziwa Nakuru lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita 40 za mraba. Kufikia 2020 lilikaribia 68. Mtoto aliyezaliwa miaka hiyo anadhani maji yalikuwa hapo tangu zamani, ilhali miaka ya 90 ziwa hilohilo lilikauka karibu lote, na upepo wa mchana ukapeperusha vumbi jeupe la magadi. Heroe waliotupa sifa duniani walihamia Ziwa Bogoria kwa wingi, kwa kuwa maji mengi yalipunguza magadi na mwani wanaokula ukapungua. Hata lango kuu la mbuga ya wanyama inayolizunguka ziwa lilifunikwa na maji.

Kwangu maji hayakuja kwa kishindo. Yalianzia chooni. Shimo lilijaa bila mvua kunyesha, tukadhani ni bomba limepasuka. Kisha mparachichi ukageuka manjano, majani yakapukutika. Mwaka 2020 nguzo za ua wangu zilikuwa zimesimama ndani ya maji, ya mwisho ikitoa kichwa tu, na usiku viboko walipanda kula sukuma wiki. Asubuhi tulikuta nyayo zao mlangoni, upana wa sahani.

Hapo ndipo nilipoijua kaunti na simu vizuri. Nilikwenda kwa chifu, akanituma kwa mwakilishi wadi. Kule nikaambiwa ziwa na mbuga ni vya serikali kuu. Ugatuzi tulioanza nao mwaka 2013 umetuletea mengi mazuri, na nasema hivyo kwa moyo mweupe, lakini siku ile hapakuwa na ofisi iliyosema ziwa hili ni letu.

Simu ilituokoa. Wanangu walituma pesa saa tano usiku, na kufikia alfajiri lori lilikuwa limekuja kuhamisha vitanda. Simu hiyohiyo ilituletea ujumbe kwamba maji yamefunguliwa makusudi ili jamii fulani ihame. Katika mji ulioona ghasia za baada ya uchaguzi za 2008, maneno hayo ni petroli. Wazee walizunguka nyumba kwa nyumba siku nzima wakieleza ukweli: mvua zimezidi, misitu ya Mau imekatwa, Mto Njoro na mingine inaleta maji na udongo, na ziwa halina mto wa kutoa hayo maji nje. Wazee wale hawajawahi kushukuriwa hadharani, nami nawashukuru hapa.

Ombi langu kwa kaunti na serikali kuu ni moja. Simamisheni nguzo za saruji zinazoonyesha maji yalifika wapi mwaka 2013 na mwaka 2020, na mpaka wa ardhi ya kando ya ziwa uwekwe wazi, kila mtu auone bila kuomba ramani ofisini. Hati yangu bado inasema nina ploti ya futi 50 kwa 100, na nusu yake imewahi kulala ndani ya maji.

Kila Januari maji hurudi nyuma kidogo, nyasi zikaota, na madalali wakaleta wanunuzi. Juzi nilimkuta kijana na mkewe wakipima kwa hatua palepale nguzo yangu ya mwisho ilipozama. Niliwaeleza yote. Dalali akawaambia mama huyu ana wivu wa ploti, nami sikuwa na kitu cha kuwaonyesha ila nyasi.

Mkazi wa Mwariki,
Nakuru