Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mamlaka ya Rais Yanaishia Wapi, ya Bunge Yanaanzia Wapi

Ndugu wanachama,

Nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ulioishia 30 Juni. Mambo ya ada, mali na hesabu yamo katika taarifa ya mhazini mliyogawiwa pamoja na hii, nami sitayarudia. Yangu inahusu kazi iliyotukutanisha: kuwaelimisha wananchi wa Dodoma na Singida kuhusu mipaka kati ya Rais na Bunge.

Swali lililoletwa mara nyingi kuliko yote, iwe Bahi, Kongwa, Manyoni au hapa mjini, ni hili: kiongozi akitamka jambo jukwaani, limeshakuwa sheria? Halijawa. Ibara ya 34 ya Katiba ya 1977 inaweka mamlaka ya Serikali mikononi mwa Rais, na wengi wakifika hapo hufunga kitabu. Waendelee mpaka ibara ndogo ya (5). Hapo Katiba inasema kwamba ibara hiyo haimhamishii Rais madaraka ambayo sheria imeyaweka kwa mtu au mamlaka nyingine, wala hailizuii Bunge kumpa madaraka mtu asiye Rais. Kwa hiyo kama sheria imempa kamishna au bodi kazi ya kufuta leseni, barua yenye maneno "kwa maagizo kutoka juu" haitoshi. Anayefuta ni yule aliyetajwa na sheria, tena kwa sababu zilizotajwa na sheria. Nawasihi waelimishaji wetu waifundishe ibara hii ndogo kabla ya nyingine yoyote, kwa kuwa ndiyo inayomgusa mwenye duka Majengo na mkulima wa zabibu Hombolo.

Mwananchi akija na agizo mkononi, mwulizeni kwanza limetolewa chini ya sheria gani na kifungu kipi. Kisha tafuteni namba ya Tangazo la Serikali na tarehe yake, maana kanuni isiyochapishwa kwenye Gazeti la Serikali haijaanza kazi. Halafu isomeni kanuni na sheria mama, yaani sheria ya Bunge iliyoruhusu kanuni hiyo itungwe, zikiwa zimefunguliwa pamoja mezani. Makosa mengi huonekana hapo: adhabu iliyozidi kiwango cha sheria mama, tozo ambayo sheria haikuiruhusu, rejea ya kifungu kilichokwisha kufutwa, jedwali lisilolingana na kanuni zenyewe.

Naomba tukae kidogo kwenye kanuni hizi, kwa sababu naamini ndiko mamlaka ya Bunge yanakovuja bila mtu kupiga kelele. Ibara ya 97(5) inaliruhusu Bunge kukasimu kazi ya kutunga kanuni, na ni jambo la lazima. Wabunge hawawezi kupanga kila fomu na kila kipimo. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inataka kanuni ziwekwe mezani bungeni ndani ya siku sita za vikao baada ya kuchapishwa, na Bunge linaweza kuzitengua kwa azimio. Kamati ya Sheria Ndogo huzichambua. Tatizo ni mpangilio wa muda. Kanuni hushika nguvu inapochapishwa, Bunge halikai mwaka mzima, na azimio la kutengua halibatilishi yaliyokwisha kufanyika. Kanuni ikitoka Julai, mara tu baada ya mkutano wa bajeti kuahirishwa, wananchi watailipia kabla kamati haijaifungua. Ndiyo maana tumeshauri maoni juu ya kanuni yaandikwe na kupelekwa kwa katibu wa kamati wiki ileile zinapotoka, bila kungoja mkutano unaofuata.

Upande wa fedha mpaka umechorwa vizuri zaidi. Hakuna kodi isipokuwa kwa sheria ya Bunge, ibara ya 138; na fedha hazitoki Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini ya kisheria, ibara ya 136. Lakini ibara ya 99 inamzuia mbunge kuleta peke yake pendekezo la kuongeza kodi au matumizi. Lazima litoke kwa Rais kupitia Waziri. Mbunge anabaki na kupunguza, kuhoji na kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kutoa hoja ya kuupunguza kwa shilingi moja, mpaka apewe maelezo. Wanachama waliofuatilia vikao wameona jinsi shilingi inavyorudishwa kwa ahadi ya mdomo, na saa ikifika gilotini, yaani utaratibu wa kukata mjadala, inapitisha mafungu yaliyobaki kwa mkupuo. Anayetaka fungu fulani lijadiliwe ampatie mbunge wake hoja wizara ikiwa bado mbele ya kamati ya kisekta, yaani kamati ndogo ya wabunge inayoisimamia wizara hiyo. Kwenye Kamati ya Matumizi, Bunge zima linapokaa kupitisha mafungu, muda umeshabana. Na bajeti nzima ikikataliwa, ibara ya 90(2) inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge. Kila mbunge huitwa kwa jina lake na kujibu "ndiyo" au "hapana" akilijua hilo.

Uzito huohuo uko katika kusaini miswada. Rais akikataa muswada, anaurudisha na sababu zake, na hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, isipokuwa uungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote. Ukirudi kwake kwa nguvu hiyo ana siku 21: aukubali, la sivyo alivunje Bunge. Wengi hulinganisha na Kenya, hasa baada ya Rais William Ruto kukataa kusaini Muswada wa Fedha 26 Juni 2024. Ulinganisho huo ufanywe kwa uangalifu. Katiba ya Kenya ya 2010 haimpi Rais mlango wa kulivunja Bunge kwa ugomvi wa muswada. Theluthi mbili zikipatikana, anatakiwa kusaini ndani ya siku saba, na asiposaini unakuwa sheria wenyewe. Kwetu mbunge anayepiga kura ya kumshinda Rais anaweka rehani na kiti chake. Chama hiki kimesema, na kinaendelea kusema, kwamba mazungumzo yoyote ya Katiba mpya yaanzie hapa.

Kuhusu hali ya hatari, shikeni tarehe. Rais akiitangaza, nakala inakwenda kwa Spika, Bunge linaitishwa ndani ya siku 14, na bila azimio la theluthi mbili ya wabunge wote tangazo linakufa siku hizo zikiisha. Likiungwa mkono linadumu miezi sita, na kurefushwa kunahitaji theluthi mbili nyingine.

Kumwondoa Rais chini ya ibara ya 46A nitakugusa tu: taarifa iliyosainiwa na asilimia 20 ya wabunge, kamati inayoongozwa na Jaji Mkuu, na theluthi mbili mwishoni. Haijawahi kufika huko. Uzoefu unaonyesha kwamba uchunguzi wa kawaida una meno zaidi. Februari 2008, hapahapa Dodoma, ripoti ya Kamati Teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond ilitosha. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu bila kura ya kutokuwa na imani kupigwa.

Sasa udhaifu wa maoni yanayopelekwa kwenye kamati, na hili linahitaji marekebisho mwaka huu. Maandiko mengi yanalalamika kurasa nne bila kutaja kifungu. Kamati haiwezi kulitumia andiko la namna hiyo. Andikeni: kifungu cha 12(3), futa maneno "kwa kadiri Waziri atakavyoona inafaa", weka badala yake "baada ya kushauriana na Bodi na kutoa sababu kwa maandishi", chini yake, mistari mitatu ya sababu. Mbunge akipokea hivyo anaweza kulihamishia kwenye jedwali la marekebisho jioni ileile. Lifike kabla ya muswada kusomwa mara ya pili. Ukija kwa hati ya dharura, inayoruhusu muswada uharakishwe, kama ilivyokuwa kwa miswada ya rasilimali ya 2017, nafasi ya wadau hupungua kuwa siku chache, kwa hiyo kikundi cha uchambuzi kiwe tayari kila mkutano wa Bunge unapoanza.

Mahakamani nako njia ilibanwa. Mabadiliko ya 2020 katika Sheria ya Haki za Msingi na Wajibu yalimtaka mlalamikaji aape jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Kabla ya kumshauri mtu afungue shauri, kusanyeni stakabadhi, barua na tarehe zake.

Naomba mkutano uidhinishe mambo mawili: kila tawi la wilaya liwe na mtu mmoja wa kusoma Gazeti la Serikali kila linapotoka, na daftari la kanuni liwekwe likiwa na namba ya tangazo, sheria mama, tarehe ya kuchapishwa na tarehe ya kuwekwa mezani. Kamati tendaji imeandaa mfano wa daftari hilo, nao umeambatanishwa kwa ajili ya majadiliano yenu.