Kisu cha Mfukoni cha Kila Siku: Bapa la Sentimita Ngapi Linakufaa?

Wateja wengi wanaoingia katika duka letu hapa komuni ya Kenya, Lubumbashi, wakitafuta kisu cha kukunja cha kuweka mfukoni, huulizia kwanza kilicho kirefu kuliko vyote, kwa kuwa wanaona kwamba chuma kingi kwa pesa ileile ni faida. Tunawaelewa, maana kisu kizuri si kitu cha kununua kila mwezi. Hata hivyo, kisu kirefu mno ndicho kinachoishia kulala nyumbani, kwa sababu kinalemea suruali, kinasugua kitambaa cha mfuko mpaka kinatoboka, na mwenyewe anasita kukitoa mbele za watu hata anapotaka kukata uzi tu. Kwa kazi za kila siku, watu wengi wanatoshwa na bapa la kati ya sentimita 7 na 8.5, na tungependa kueleza sababu zake kabla hujatoa pesa yako.

Kwanza tuelewane juu ya kipimo chenyewe. Urefu wa bapa hupimwa kwa mstari ulionyooka, kutoka kwenye ncha hadi pale mpini unapoanzia. Makali huweza kuwa mafupi kuliko bapa, kwa kuwa visu vingi vina kipande kidogo kisichonolewa karibu na mpini, na kipande hicho hakikati kitu. Vilevile, kipimo kilichoandikwa kwenye boksi mara nyingine ni cha kisu kizima kikiwa kimefunguliwa, mpini pamoja na bapa, jambo linalomfanya mtu anunue kitu tofauti na alichokifikiria. Tena, kwa kuwa bapa hujificha ndani ya mpini, mpini lazima uwe mrefu kuliko bapa. Opinel namba 8, kisu cha Kifaransa ambacho wateja wetu wengi wanakifahamu, kina bapa la sentimita 8.5 na mpini wa sentimita 11 hivi, na ni hizo 11 ambazo mfuko wako utazibeba kutwa nzima. Ukipanda hadi namba 12, yenye bapa la sentimita 12, mpini unafika karibu sentimita 16, na hapo tunashauri mtu afikirie begi badala ya mfuko.

Baada ya hapo, jiulize unakata nini. Chungwa la kawaida lina upana wa sentimita 7 hivi, na embe kubwa la mwezi wa Desemba linaweza kuzidi hapo kidogo. Bapa linalolingana na upana huo au kuuzidi kidogo hupasua tunda kwa mvuto mmoja ulionyooka, wakati bapa fupi zaidi hukulazimisha kuzunguka tunda na kurudia pale ulipoanzia, na maji ya tunda kumwagika mkononi. Lakini kumenya ni jambo jingine, na hapo ndipo urefu unapoanza kuwa adui. Mtu anayemenya embe hukunja vidole vinne kwenye mpini, akaegemeza kidole gumba kwenye tunda, kisha akavuta makali taratibu kuelekea kwenye gumba hilo. Kwa bapa la sentimita 7, ncha inabaki juu ya tunda na jicho linaiona. Kwa bapa la sentimita 10 au 11, ncha inavuka upande wa pili na kukaribia kiganja kinachoshika tunda, na mkono ukiteleza kwa utomvu wa embe, ncha hiyo ndiyo inayochoma.

Kazi nyingi nyingine hazihitaji hata nusu ya urefu huo. Uzi wa gunia la unga hukatwa kwa ncha. Boksi la nguo lililotoka Kasumbalesa linafunguliwa kwa sentimita mbili za mbele, na mfanyabiashara anayezamisha bapa refu kwenye karatasi ya boksi anaweza kuchana mashati ya juu kabla hajayauza. Kwa mtu huyo, bapa la sentimita 6 ni ulinzi wa mali yake. Fundi wa umeme anayevua ganda la waya naye anafanya kazi karibu kabisa na vidole vyake, kwa hiyo sentimita 5 au 6 zinampa utulivu ambao bapa refu haliwezi kumpa. Anayefunga mizigo ya lori kwa kamba nene za nailoni ana hoja tofauti: kamba hukatika kwa kuvuta makali juu yake, na makali marefu hupata nafasi ya kuvuta, hivyo yeye tunamwelekeza kwenye sentimita 8.5 au 9, mradi kisu kiwe na kifungio imara, yaani kile kinacholizuia bapa lililofunguliwa lisijikunje lenyewe. Mwenye kazi ya kuchinja, kupasua nyama au kufyeka shambani hatumuuzii kisu cha kukunja. Huyo anahitaji kisu kisichokunjika, au panga.

Suala la kifungio linastahili kuelezwa vizuri zaidi, kwa sababu linahusu vidole vya mteja. Bapa la kisu cha kukunja limeshikwa na pini moja tu. Kadiri ncha inavyokuwa mbali na pini hiyo, ndivyo mkandamizo wako unavyokuwa mzigo mkubwa zaidi kwenye maungio: nguvu ileile ikiwekwa kwenye ncha ya bapa la sentimita 10 huielemea pini kwa zaidi ya mara moja na nusu kuliko ikiwekwa kwenye ncha ya bapa la sentimita 6. Kisu kirefu cha bei nafuu huanza kutikisika maungioni mapema kwa sababu hiyohiyo. Ikiwa bapa linazuiwa na springi peke yake, bila kifungio, linaweza kujikunja juu ya vidole pale ncha inaposukumwa kwa nguvu ndani ya kitu kigumu, na bapa refu huleta makali mengi zaidi juu ya vidole hivyo. Opinel iliongeza pete yake ya kufungia mwaka 1955, na tunapomwonyesha mteja kisu hicho tunamtaka aizungushe pete mwenyewe, mara kadhaa, mpaka kidole kizoee. Okapi, kisu chenye jina la mnyama wetu wa misitu ya Ituri, kina kipete cha chuma mgongoni ambacho lazima ukivute kabla ya kukunja. Bapa la Okapi ile inayojulikana zaidi hukaribia sentimita 10 au kuzidi, na kwa maoni yetu hicho ni kisu cha safari na kazi za nje. Kwa mtu wa ofisini au dukani kimevuka kiasi.

Upande wa pili uko wale wanaotaka kidogo kabisa. Visu vya Uswisi vya Victorinox vyenye mpini wa milimita 58 vina bapa lisilofika sentimita 4. Hivyo ni vizuri kwa bahasha, uzi na lebo ya nguo, na havionekani mfukoni, lakini usitegemee kugawia watoto nanasi kwa kisu cha namna hiyo. Vile vya mpini wa milimita 91, umbo lililotokana na kisu cha maofisa kilichosajiliwa Uswisi mwaka 1897, vina bapa kubwa la sentimita 7 hivi, na ukitulazimisha kutaja urefu mmoja tu kwa mtu ambaye hatujui kazi yake, tutataja huo. Ila kumbuka kwamba bapa la visu hivyo vya kawaida linategemea springi tu.

Mkono wako nao una neno. Weka vidole vinne, vikiwa vimebanana, juu ya bapa lililofunguliwa bila kugusa makali. Likiwa sawa na upana wa vidole hivyo, au likizidi kwa unene wa kidole kimoja, utalitawala bila shida. Kisha kamata mpini, kwani mpini mfupi unaokiacha kidole cha mwisho hewani huchosha mkono hata kama bapa lina urefu unaofaa.

Kwa wanaosafiri tuna tahadhari moja. Ukipanda ndege Luano, weka kisu kwenye mzigo unaopelekwa chini ya ndege, hata kiwe kidogo namna gani. Kanuni za viwanja vya Ulaya zinakataza kwenye chumba cha abiria visu vyenye bapa linalozidi sentimita 6, na Marekani hairuhusu humo visu vya kukunja vya urefu wowote. Uingereza, hata barabarani, kisu cha kukunja kinachobebwa bila sababu maalumu hakipaswi kuwa na makali yanayozidi inchi 3, yaani sentimita 7.6, na chenye kifungio hakihesabiwi kuwa cha kukunja, hivyo ruhusa hiyo haikihusu hata kikiwa kifupi. Ndugu anayemtumia zawadi mtu aliyeko huko azingatie hilo.

Mwisho ni kunoa. Kinoo cha sentimita 15 kinatosha kabisa kwa bapa la sentimita 7 au 8, kwani makali yote hupita juu ya jiwe kwa mwendo mmoja. Bapa refu zaidi huhitaji mkono uliozoea, la sivyo ncha inabaki butu na katikati panalika. Dukani tunanoa visu vya mfukoni, viwe vimenunuliwa kwetu au kwingine, na tunakaza pini iliyolegea. Ukija kuchagua kipya, njoo na kile unachotumia sasa, ili tupime pamoja na tuone ni sehemu gani ya makali imelika na ni ipi haijawahi kuguswa.