Mwanangu, gari hili nitaliendesha

Mwanangu Shija,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na mama yako, akacheka sana pale ulipoandika, "Baba, usiguse hata boliti." Nimeona heri nikuandikie kirefu kuliko kubishana kwenye simu, maana wewe ukianza ubishi humpi mtu nafasi ya kupumua.

Hoja yako, kwamba gari letu libaki kama lilivyotoka kiwandani, naielewa. Datsun 240Z si gari la kuokota njiani. Ndilo lililoshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, na sisi watoto wa shule siku hizo tulikuwa tunagombania nani awe Mehta tukisukuma magari ya waya. Najua pia kwamba huko Ulaya na Marekani anayelo kama lilivyotoka kiwandani anadai pesa ndefu. Sawa. Lakini hata yale yaliyoletwa kwenye Safari hayakuwa kama ya dukani. Yalifungwa taa za ziada mbele na bamba la chuma chini ya injini, kwa kuwa walioyaleta walijua njia watakayopita. Na mimi njia za langu nazijua, hapa Tabora: Isevya, sokoni, kanisani, na siku mfuko ukiruhusu, Nzega na kurudi.

Usidhani nimefungua mlango kwa kila fundi. Yupo mmoja hapa Ipuli alinishauri ning'oe injini nzima niweke ya Toyota Mark II, ile ya GX100, eti spea zake ziko kila kona. Ni kweli ziko. Lakini ile ikae humo lazima ukate vishikio vya injini, uchomelee vingine, labda na bodi uipige nyundo giaboksi ipite. Nilimwambia hapana. Kanuni yangu ni hii, na ishike ili tusirudie ugomvi: kinachofungwa kwa boliti ruksa, kinachotaka grinda marufuku. Injini ni ile ile, silinda sita, lita 2.4, na namba yake iliyogongwa kwenye bloku haijaguswa.

Sasa tuje kwenye nyaya, ambako ndiko ulikopiga kelele zaidi. Umeniandikia kwamba ya kale ni dhahabu. Nyaya za kale ni kiberiti, mwanangu. Kwenye gari hili umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye boksi la fyuzi, unakwenda hadi swichi ya kwenye usukani, ndipo unarudi mbele kwenye taa. Rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo kwa niaba ya ile ya mkono, hakuna. Nilipofungua lile boksi, plastiki upande wa taa ilikuwa imeyeyuka ikajikunja, kishikio cha fyuzi kimelegea na kuwa cheusi, na ganda la waya nyuma yake ukiligusa linabaki mkononi. Taa zenyewe zilikuwa zinatoa mwanga wa njano, hata shimo hulioni mpaka uwe ndani yake. Nimefunga rilei mbili karibu na betri, waya mnene wa moja kwa moja wenye fyuzi yake. Swichi ya usukani iko palepale, ila sasa kazi yake ni kuamuru tu, mzigo haubebi. Swichi hiyo ukiitafuta leo utalia. Kwa hiyo nani ameitunza, mimi au wewe unayetaka iendelee kuungua kwa heshima?

Platini nazo, zile za kukata na kuunga umeme wa plagi, nimezitoa, nikaweka kifaa cha elektroniki kinachokaa ndani ya distributa, kile kinachogawa umeme kwa plagi. Ukirudishia kifuniko, hata wewe hutajua. Platini na kandensa ziko kwenye boksi la gari, zikihitajika njiani zinarudi.

Kabureta zote mbili, zinazochanganya petroli na hewa, nimeziacha, nimezisafisha tu na kuongeza mafuta kwenye vikombe vyake vya juu. Hizo zina kero moja, na hapa Tabora mwezi wa kumi utaiona vizuri: zimekaa juu kabisa ya bomba la moshi. Ukizima injini ikiwa ya moto, petroli inachemka ndani ya kabureta, halafu unapiga stata mpaka watu wanakusanyika. Dawa niliyopata ni kuhakikisha bati la kukinga joto limekaa mahali pake na rejeta iko safi. Ikigoma, nasubiri kivulini. Kivuli chochote isipokuwa cha mwembe, maana utomvu wake unaharibu rangi, na rangi hiyo ndiyo ile ya machungwa tuliyoikuta chini ya tabaka za rangi nyeupe.

Rimu ni zake za inchi 14. Matairi nimeweka ya saizi 195/70, ndiyo yanayopatikana. Mikanda ya viti ni mipya na hapo sina mjadala na mtu.

Mama yako anataka kiyoyozi. Kwa kanuni yangu mwenyewe simwezi, maana nacho hufungwa kwa boliti. Nimemwambia tushushe vioo kwanza.

Kila kingine nilichotoa nimekifunga kwenye gazeti, nimeandika kimetoka wapi, kimo kwenye sanduku lile la bati chini ya kitanda chako. Siku likiwa lako na ukataka kulirudisha kama lilivyotoka Japani, utakuta kila kitu.

Ukija Krismasi, nitafutie huko Dar mpira wa mlango wa nyuma. Wa sasa umekauka, na magari haya yana tabia ya kuvuta moshi wa ekzozi ndani kupitia hapo. Ulete na mipira ya taa za nyuma. Isikunjwe kwenye begi, izungushe ikae duara. Ukikuta ya kiwandani na ya kuiga, nunua ile laini. Hapo sitauliza asili.

Baba yako